Kaburi Lililochimbwa Kimya

Mwape mwanangu,

Shuka umekunja, sanduku umelifunga kwa kamba, na shangazi yako amekwisha kukwambia yote ya kula, kuoga na kujihadhari na wavulana. Kwa hayo sina la kuongeza. Kesho asubuhi lori la samaki likijaa utapanda mbele karibu na dereva, utakwenda hospitali ya misheni kujifunza unesi, na mimi nitabaki hapa Kashikishi. Tangu juzi nataka kusema nawe, lakini kila nikifungua mdomo yanatoka maneno ya kamba na sanduku. Basi naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu shule yangu ilikuwa ng'ambo, upande wa Kongo, na Kibemba cha mama yako nakijua kwa ulimi tu, mkono haujakizoea.

Sitakuficha, sina furaha. Majirani walikuja leo kunipongeza, nikaitikia na kutabasamu mpaka mashavu yakauma, lakini moyoni ni giza tupu. Si kwamba unakwenda kubaya. Ni kwamba ukiondoka unaondoka na jina la mwisho nililobakiwa nalo. Hapa bandarini wananiita Shimwape, baba yake Mwape, na jingine hawana la kuniita. Kuanzia kesho hata hilo litakuwa la mtu ambaye mwanawe hayupo. Nataka ujue jinsi nilivyofika hapa, maana sikuzaliwa na jina moja.

Nilipokuwa kijana nilikuwa watu wengi. Asubuhi nilikuwa mvuvi, na mvuvi wa kawaida tu, usidanganywe na hadithi za shangazi yako. Jumamosi nilikuwa sauti nene ya kwaya, na mwalimu wa kwaya alikuwa akinitukana nikichelewa, kwa sababu bila mimi wale wa sauti nyembamba walipaa kama kuku waliotishwa. Kwa watoto wa dada zangu nilikuwa mjomba, na unajua kwetu mjomba si salamu ya njiani. Ndiye anayeitwa mtoto akiumwa, akitaka kuoa, akivunja kitu cha watu. Nilikuwa fundi wa kuziba mitumbwi inayovuja. Na kwa watu wa ukoo wa Mamba, Bena Ng'andu, nilikuwa mtani, kwa sababu sisi ni wa ukoo wa Samaki, Bena Isabi, na tangu mababu mamba na samaki wanataniana, wananyang'anyana na kuzikana.

Wakati ule sikujua kwamba huo ni utajiri. Niliona ni usumbufu. Mtu mwenye majina mengi huitwa usiku na mchana, na mara nyingi nilijificha nyuma ya vichanja vya samaki ili nilale kidogo. Lakini sikiliza. Kulikuwa na msimu wa upepo wa kusini ambao ziwa halikutupa kitu. Nyavu zilirudi na magugu, mtumbwi wetu ukapasuka kwenye mawe, na mimi mvuvi nilikuwa nimekwisha kabisa. Ila Jumamosi ikafika, na kwaya haikutaka kujua habari za nyavu. Ilitaka sauti. Nikaimba na njaa yangu tumboni, na kwa muda ule sikuwa mtu aliyeshindwa. Nilikuwa mtu anayehitajiwa. Nilirudi nyumbani nikaweza kuanza kuziba ule mtumbwi. Mvuvi alianguka, mwimbaji akamshika mkono, fundi akamwinua. Wote walikuwa mimi.

Halafu akafa kaka yangu Musonda, baba yako mkubwa, aliyenifundisha kutupa wavu. Hukumjua. Nililia mpaka nikakosa hata sauti ya kulilia. Watani wetu wa ukoo wa Mamba walikuja na majembe, kama ilivyo desturi, kwa sababu kaburi la Samaki huchimbwa na Mamba. Mbele yao alikuwa Kaoma, mkausha samaki wa pale bandarini, mtu mfupi mwenye mdomo mrefu. Walipomaliza kuchimba, Kaoma akashuka shimoni, akalala chali, akakunja mikono kifuani.

Akasema, "Hii nyumba njo mie nalijenga, njo mie nitalala mu ndani. Bena Isabi balete kuku! Kama hapana, huyu Musonda atangoya mupaka kesho. Alikuwa muvivu, anayua kungoya!"

Bibi yako, mama yangu, ambaye tangu msiba uanze hakuwa amekula wala kusema, akacheka. Akacheka, na kicheko kikageuka kilio, kile kilio cha kweli kilichokuwa kimemkwama. Mimi nikakimbia kutafuta kuku, nikimtukana Kaoma njia nzima, nikamwita mjusi aliyekosa mto. Na katika kukimbia kule, mwanangu, nilipumua. Kwa muda wa kumtafuta kuku sikuwa mfiwa tu, nilikuwa mtani anayeibiwa. Nafikiri desturi ile iliwekwa na mtu aliyewahi kufiwa sana.

Miaka ile baada ya vita kwisha, mfanyabiashara mmoja mzungu kutoka ng'ambo alianza kununua samaki wetu kwa boti yake, akatafuta kapita, yaani msimamizi wa kazi yake bandarini. Akanichagua mimi kwa sababu niliandika na nilijua Kiswahili chake cha amri. Alinipa filimbi na shati lenye mifuko miwili. Nikipuliza filimbi, mitumbwi inasogea; nikitikisa kichwa, samaki wa mtu wanakataliwa na kurudi kuoza. Ulikuwa mdogo, lakini nadhani unakumbuka watu walivyokuwa wakija mlangoni wakivua kofia.

Hakuna aliyenilazimisha kuyatupa majina yangu mengine. Niliyatupa moja moja, na kila moja lilikuwa na sababu nzuri. Kwaya niliiacha kwa kuwa boti ilikuja Jumamosi. Kuziba mitumbwi niliacha kwa kuwa kapita hawezi kuonekana na lami mikononi. Watoto wa dada zangu niliwafukuza, kwa sababu kila aliyekuja niliona amekuja kuomba samaki wake wapite, na kweli wengine walikuja kwa hilo, lakini si wote. Mama yako alinivumilia. Siku moja akanipakulia ugali, akakaa akaniangalia nikila na filimbi shingoni, akasema, "Nyumba hii ina kapita, haina mume." Nilicheka. Nilidhani ni sifa. Aliporudi kwao Chienge kwa kaka zake, wewe ukabaki kumtunza bibi yako, nilimwambia kila mtu kwamba amekwenda kusalimia. Anasalimia mpaka leo.

Sasa nifike kwa Kaoma. Nimezunguka sana ili nisifike.

Ilikuwa siku ya boti, bandari imejaa, mzungu amesimama pembeni yangu na kofia yake. Kaoma akatoka kwenye moshi wa vichanja vyake, mweusi kwa masizi, akanichomolea filimbi shingoni. Akatia kikapu cha samaki kichwani kama kofia ya mzungu, akapuliza, akatembea mbele ya watu akitikisa matako.

"Batu mutazame!" akapiga kelele. "Samaki amejifunza kusimama inchi kavu! Anavaa shati! Lakini harufu iko ile ile!"

Bandari nzima ikaanguka kwa kicheko. Hata mzungu alicheka, na nadhani ndicho kilichoniua. Kaoma hakuwa na kosa. Mtani anaweza kuchukua hata sufuria yako jikoni, nawe wajibu wako ni kumtukana zaidi na kungoja zamu yako. Ningemwaga maji kwenye moto wake, ningemnyang'anya samaki mmoja mkubwa, tungecheka, na kesho ingekuwa kesho. Lakini aliyesimama pale hakuwa mtani. Alikuwa kapita peke yake, na kapita hana mahali pa kuuweka utani. Anauona ni dharau.

Nikampeleka kwenye baraza la chifu.

Sijui kama unaelewa uzito wa jambo hili, kwa sababu ninyi vijana siku hizi mnasikia kesi kila siku, na wenzako wa bandarini wanazungumza Federesheni ya wazungu na siasa tu. Katika pwani yote hii ya ziwa hakuna aliyewahi kumshitaki mtani wake. Wazee wa baraza walidhani ule wenyewe ni utani, wakaanza kucheka, mpaka waliponiona uso. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Baba, mvua inashitakiwa kwa kulowesha watu?" Nikasema nimetukanwa nikiwa kazini. Nikasema heshima yangu. Nikataja boti, nikamtaja mzungu, na wazee wakatazamana, kwa kuwa wana wao wote waliuza samaki kwangu.

Kaoma akaambiwa aombe radhi. Akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kama mtu anayemsalimu chifu, akasema, "Bwana Kapita, unisamehe. Hautasikia tena neno yangu."

Nilirudi nyumbani nikijiona nimeshinda. Nilikula vizuri siku ile.

Bibi yako alipofariki ulikuwa msichana mkubwa, yote uliyaona, lakini sijui kama uliyaelewa. Ukoo wa Mamba walikuja. Hawangeweza kutokuja, desturi ni desturi. Kaoma alikuja na jembe lake. Walichimba. Hawakusema kitu. Hakuna aliyeuliza tutawalipa nini. Hakuna aliyeshuka kulala shimoni, hakuna aliyemwibia shangazi yako kitenge, hakuna aliyesema kwamba yule bibi alikuwa mchoyo wa chumvi, na jinsi alivyokuwa mchoyo wa chumvi, walikuwa na maneno ya siku nzima! Tulisikia majembe na udongo tu. Walipomaliza wakanawa, wakapita mmoja mmoja wakanipa mkono, mkono wa kushoto umeshika kiwiko, macho chini. "Pole sana, Bwana Kapita." Hata maji ya kunywa hawakuomba.

Ukanivuta shati ukauliza, "Tata, mbona hawatucheki?"

Nikakujibu kwamba wamejifunza heshima. Mwape, lile lilikuwa jibu la uongo. Nilikuwa nimesimama pale na kilio kimenikwama kooni kama kilivyomkwama bibi yako kwenye msiba wa Musonda, na hakuna aliyekuwa tayari kunichekesha ili kitoke. Hakijatoka hadi leo. Mama yangu nimemzika bila kumlilia.

Baadaye, kama unavyojua, nyavu za nailoni zikaja, samaki wakaanza kwenda kwa malori kusini kwenye migodi, na mzungu yule akahamisha boti yake bandari nyingine. Alinishukuru, akaomba filimbi yake. Ilikuwa yake, nami nilikuwa nimesahau. Nikatembea bandarini asubuhi iliyofuata kwa mazoea, nikasimama mahali pangu, watu wakinipita na vikapu vyao. Hawakunitukana. Ningefurahi kama wangenitukana. Walinizunguka tu kama unavyozunguka kisiki. Kila kitu changu nilikuwa nimekiweka ndani ya shati lile, na shati likapauka.

Nilijaribu kurudi, usidhani sikujaribu. Nilikwenda kwaya. Mahali pangu palikuwa na kijana mwenye sauti nzuri kuliko yangu, na mwalimu wa kwaya, ambaye zamani alinitukana kwa jina la wazazi wangu wote, aliniletea kiti akaniketisha na wageni. Nilimtafuta mtoto wa dada yangu mkubwa, yule unayemwita kaka Chanda. Alinisalimia vizuri, akaniuliza afya, kama mtu anayemsalimia mwalimu wake wa zamani. Alikuwa ameposa na kuoa bila mjomba. Mjomba wake alikuwa bandarini anapuliza filimbi.

Na nilikwenda kwa Kaoma. Nilikwenda makusudi mikono mitupu, nimevaa shati langu la zamani lililotatuka mgongoni, ili apate pa kuanzia. Hata kipofu angepata la kusema. Nikasimama kwenye moshi wake nikangoja. Akainuka, akafuta kiti chake kwa kiganja, akanipa, yeye akakaa chini.

"Karibu, Bwana Kapita," akasema. "Unapenda maji?"

Nikanywa maji yake. Nikaaga. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Basi mimi nimepata mjukuu kabla wewe hujaolewa.

Kwa nini nakwambia haya usiku wa kuamkia safari yako, badala ya kukuombea heri? Kwa sababu nimeona ulivyolijaribu lile gauni jeupe walilokushonea. Ulisimama wima kama mimi na filimbi. Si vibaya, mwanangu, simama. Utakuwa nesi, tena nesi mzuri, maana una mkono mwepesi na huogopi damu. Lakini ipo siku mgonjwa wako atakufa ukiwa umefanya kila kitu, na siku ile nesi ndani yako ataanguka. Awepo mwingine wa kumwinua. Kama kuna kwaya huko, imba, hata wakikuweka nyuma. Kama mwenzako ana mtoto, kuwa shangazi yake, umbebe usiku akilia. Mama yako mwandikie, uendelee kuwa binti. Shonea watu nyavu kama kuna mto karibu. Utachoka, kweli utachoka, kila mmoja atakuita kwa jina lake na utatamani kujificha nyuma ya vichanja. Jifiche kidogo, kisha utoke.

Wala siwezi kukuahidi kwamba yatakuokoa. Mimi siamini sana mambo ya kuokolewa siku hizi. Najua tu kwamba mwenye miguu mingi akivunjika mmoja huchechemea, na mimi nilibaki na mmoja.

Sasa neno la mwisho, na ndilo gumu. Leo mchana, ulipokuwa kwa shangazi yako, alipita mama mmoja anayeuza muhogo, akaniambia kwamba Kaoma amefariki kwa wanawe, kijijini Kafutuma. Anazikwa kesho asubuhi. Kaburi la Mamba linachimbwa na Samaki. Wazee wa ukoo wetu wamepita nyumba kwa nyumba kuwaita wachimbaji, na kwangu hawakupita. Siwalaumu. Ningekuwa wao nami nisingepita.

Nitakwenda. Nitatoka kabla ya mapambazuko na jembe, kwa hiyo hutaniona kwenye lori. Nisamehe kwa hilo, maana najua msichana anayeondoka kwao anataka kumwona baba yake amesimama mpaka vumbi limfunike. Nilikaa muda mrefu nikichagua kati ya kukusindikiza na kwenda kumzika. Nikikusindikiza nitakuwa baba yako kwa saa moja zaidi, kisha nitarudi kwenye nyumba hii nikiwa si kitu cha mtu yeyote. Nikienda Kafutuma huenda watanifukuza. Huenda watanipa kiti. Hilo la kiti ndilo linalonitisha.

Lakini siwezi kwenda kuchimba kimya. Akichimbiwa kimya Kaoma, tena na mimi, itakuwa nimemshitaki mara ya pili. Lazima nimtukane mbele ya watoto wake, niwatukane na wao, nishuke shimoni nidai kuku, mzee mzima na magoti haya. Na sina la kusema, Mwape. Tangu jua lizame natafuta tusi moja, moja tu, na kichwani hakuna kitu. Nimezoea amri. Utani umenitoka.

Wewe ulipokuwa mdogo uliwatania. Ukoo wako ni wa mama yako, lakini uliwatania kwa niaba yangu, ukisimama juu ya kikapu kule kwenye vichanja, na wanaume wazima wa Mamba walikuwa wakishika matumbo yao. Nilikuwa nikikukemea na kukurudisha nyumbani. Nakumbuka walivyocheka. Ulichosema sikukisikiliza hata mara moja.

Naona mwanga chini ya mlango wako, bado hujalala. Naisukuma barua hii ndani. Ukimaliza kuisoma njoo hapa jikoni, usinipe pole wala usilie. Nifundishe.

Tata